Mkono wa Leonardi

Butihinda, 9 Septemba

Mvua bado. Leo nimezunguka vilima viwili, vijiji vya huku, na kipaza sauti nikichanja mbwa dhidi ya kichaa. Mbwa walikuwa wachache, watoto waliokuja kutazama walikuwa wengi.

Naanza kuandika haya kwa ajili ya mume wangu Moses. Yeye anafundisha Ryansoro, mkoani Gitega, na mimi nimepangiwa kazi ya mifugo huku Muyinga, karibu na mpaka. Jioni tukipigiana simu mtandao unakatika kabla sijamaliza kumweleza siku yangu. Basi atasoma Krismasi. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichosomea kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania. Kifaransa cha ofisini kinanichosha, na leo nimeshachoka vya kutosha.

11 Septemba

Vumbi. Mzee mmoja kaniambia mbwa akichanjwa anapoteza ukali, halafu wezi watakuja kumchukulia mbuzi. Nimeeleza, nikaeleza tena. Jioni sauti imekauka.

14 Septemba

Siku ya soko. Mikono yangu bado inanuka sabuni.

Asubuhi mbwa wa mzee Leonardi alishuka kutoka kilimani peke yake. Kichwa chini, mate yananing'inia, anapita katikati ya watu bila kumtazama yeyote. Mimi nilikuwa nanunua vitunguu. Nilijua kwa mwendo tu kwamba ana kichaa, nikapiga kelele, lakini sokoni kila mtu anapiga kelele. Alimuuma Faridi kwenye shavu la mguu. Faridi ni fundi cherehani wa Muyinga mjini, anayekuja siku za soko kushona sare za shule. Halafu akamuuma Paskazia mkononi, alipokuwa ameinama kwenye nyanya zake. Paskazia nimekua naye. Tulichota maji kwenye bomba moja kambini, tukarudi Burundi mwaka mmoja. Vijana walimuua mbwa kwa mawe.

Niliwakalisha wote wawili kwenye jiwe karibu na bomba, nikaanza kuosha vidonda. Maji yanatiririka, sabuni, maji, sabuni. Faridi alivumilia kidogo, kisha akachoka.

"Dada, inatosha! We unaosha mguu ao unafua nguo?"

"Bado, kaka Faridi."

"Lakini damu ilishaisha kutoka, quoi. Weka bandeji, mi niko na kazi."

Nikamwambia kirusi cha kichaa kiko kwenye mate, si kwenye jino. Kimevaa ganda laini la mafuta, na sabuni inalivunja ganda hilo kama inavyotoa mafuta kwenye sufuria. Kikivuliwa ganda hakiwezi kuingia popote. Alinitazama kama mtu anayeuziwa kitu, lakini mguu akauacha.

Leonardi alifika akihema. Alisimama mbele ya mbwa wake aliyelala kwenye damu, kofia mkononi. Leonardi hakukimbia nchi, alibaki. Aliporudi Paskazia, walisumbuana kuhusu kipande cha shamba la migomba kilichokuwa cha babake Paskazia. Wazee wa kilima walikigawa katikati, na tangu hapo Leonardi na Paskazia hawasalimiani. Mimi siku zote nimemwona mtu mgumu, mchoyo wa neno.

Niliuliza kwa sauti watu wote wasikie: "Nani mwingine ameumwa?"

Hakuna. Nikamgeukia yeye. "Mzee, wewe?"

"Mimi hajaniuma," alisema. "Bobi hawezi kuniuma mimi."

Nikaandika: wawili.

15 Septemba, Muyinga

Faridi na Paskazia wamepata sindano ya kwanza. Tumeambiwa hizo ndizo zilikuwa za mwisho, nyingine zitafutwe Gitega. Sikuuliza mengi. Hidaya, mke wa Faridi, anauza vitenge karibu na msikiti. Ametulisha wali na maharage, akamfuta Paskazia machozi bila kumuuliza anatoka wapi. Mumewe amelalamika mchana kutwa.

16 Septemba, Ryansoro

Nimefika Gitega na Probox ya asubuhi nikiwa na sanduku la barafu mapajani, nikapata chanjo. Moses alikuja kunichukua, nikalala kwetu. Alinitazama akasema, "Umekonda." Nilitaka kumweleza mambo ya mbwa, nikasinzia na kijiko mkononi. Kesho mapema narudi.

22 Septemba, Muyinga

Sindano ya tatu. Safari hii Faridi kaniuliza mwenyewe, akiwa amekaa kwenye cherehani yake, mguu ameunyoosha.

"Dada, niambie vizuri. Hii kirusi, iko mnyama? Iko na mdomo?"

Nikamwambia hakina mdomo, hakina tumbo, hakipumui. Ni maagizo tu yaliyofungwa kwenye ganda. Kikiwa peke yake, juu ya meza, hakifanyi lolote, kinakauka na kuharibika. Lakini kikiingia ndani ya chembe hai ya mwili, chembe inayasoma yale maagizo na kuanza kutengeneza virusi vingine, badala ya kazi yake.

Alifikiri huku anavuta uzi.

"Alors, iko kama mtu anaingia mu atelier yangu. Hana mashine, hana uzi, hana kitambaa. Ana patroni tu, ile karatasi ya kukata nguo. Anaiweka juu ya nguo za wateja, na mi nashona ile yake. Nashona, nashona, mpaka uzi inaisha. Wateja wanakosa nguo. Na kila nguo mi nashona inatoka na patroni yake mu mfuko, inaenda kwa fundi mwingine."

"Ndiyo hivyo hasa," nikasema.

"Mbaya sana," akasema Faridi, akaangalia mguu wake.

Patroni hiyo nitaiiba. Ni bora kuliko maneno yangu yote ya ofisini.

25 Septemba

Tone moja, mawili. Halafu jua.

1 Oktoba

Mvua! Kilima kizima kiko shambani. Hakuna aliyekuja na mbwa, na siwalaumu.

6 Oktoba

Bado sindano ya mwisho ya Paskazia. Nimemfuata shambani kwake, anapanda maharage, matope mpaka magotini.

"Kidonda kimepona, Adventina. Tazama."

"Kidonda kupona si dalili ya kitu. Kirusi hakikai kwenye kidonda."

"Na nisipopanda leo nitakula nini Januari? Sindano?"

Hakusema kwa ubaya. Nikavua viatu nikamsaidia kumaliza mistari yake, ndipo tukaenda. Njia ilikuwa imekatika bondeni, tumezunguka kwa miguu. Tumefika tumelowa kama samaki, muuguzi akatucheka. Lakini Paskazia amedungwa. Wote wawili wamemaliza. Nimerudi nimelala na nguo zangu.

13 Oktoba

Mvua.

14 Oktoba

Mvua. Kipaza sauti kimeingia maji.

19 Oktoba

Jambo dogo limenishangaza. Nilipita kwa Paskazia, nikakuta mzee Leonardi amesimama nje ya uzio, haingii, ameweka chini kapu la viazi vitamu. "Ni kwa ajili ya mkono wako," alimwambia, akaondoka kabla hajajibiwa. Paskazia aliliangalia lile kapu kwa muda. Mwishoni alilichukua.

Nilimfikia njiani. Aliniambia hajapata mbwa mwingine, na kwamba usiku bado anasikia kucha za Bobi mlangoni. Mtu huyu nilimwita mchoyo wa neno.

27 Oktoba

Nimechanja mbwa kilima cha tatu. Tangazo langu nalisema hata usingizini: mbwa mwenye kichaa akikuuma, osha kwa sabuni, kimbia ukadungwe. Fupi, linaingia masikioni.

2 Novemba

Homa kidogo. Malaria labda. Moses anataka nirudi, nimemwambia kampeni bado.

8 Novemba

Nimepita kwa Leonardi, mkewe Josefina kanipa pombe ya ndizi. Mzee alikuwa anajikuna mkono wa kulia, kuanzia kiganja hadi kwenye kiwiko. "Unawasha kwa ndani," alisema. "Labda ni majani ya shambani." Nikamwambia apake mafuta.

12 Novemba

Mvua. Daraja limeondoka na magogo yake.

17 Novemba

Josefina amekuja mlangoni kwangu asubuhi, ametembea bila mwavuli.

"Mzee hanywi maji," alisema. "Ana kiu, anaomba, nikimletea kikombe koo linamkaba, anakirusha. Hata upepo ukimpiga usoni anashtuka."

Nilijua. Nilisimama pale, mswaki mdomoni, nikajua.

18 Novemba, Muyinga, hospitalini

Wamempa chumba cha peke yake, wamefunga pazia. Daktari ni kijana mpole. Alinitoa nje akasema atampa dawa za kutuliza ili asiteseke, basi. Sikuhitaji kuuliza. Dalili zikishaonekana, chanjo imechelewa.

Nimevaa glavu na barakoa, nimekaa naye. Mimi nimechanjwa tangu chuoni. Kuna dakika anapigana na hewa, na kuna dakika akili yake ni safi kabisa, kama mtu aliyeketi barazani. Katika dakika moja ya hizo aliniambia:

"Adventina, ulisema kuumwa. Mimi hakuniuma."

"Najua, mzee."

"Jioni moja kabla ya soko. Alikuwa anajaribu kumeza, hawezi. Nilidhani mfupa umemkwama. Nikaingiza mkono mpaka kooni, nikautafuta mfupa. Haukuwepo."

"Mkono ulikuwa na jeraha?"

"Kisu. Nilikuwa namenya ndizi za pombe."

Akafumba macho. Baadaye kidogo akauliza kama angekuja kwangu siku ile ya soko ingekuwaje. Nilitaka kusema uongo. Nilishindwa kuupata uliotosha, nikamshika mkono.

20 Novemba

Mzee Leonardi amefariki alfajiri. Mvua ilikuwa imekatika.

23 Novemba, Butihinda

Tumemzika jana. Niliwaomba Josefina na wale waliomhudumia waende Muyinga wakadungwe, maana mate yake mwenyewe yalikuwa na kirusi siku hizi za mwisho, na Josefina alimfuta mdomo kwa mikono iliyopasuka kwa jembe. Isitoshe, mzee aliniambia, jioni ile ya mfupa Josefina ndiye aliyemshika mbwa miguu ya nyuma. Wapwa wawili wamekubali. Josefina aliendelea kukunja shuka.

Kaburini nilisikia minong'ono. Nilidhani ni juu yangu.

24 Novemba

Haikuwa juu yangu. Asubuhi Paskazia ameamka akakuta migomba yake, ile ya kipande kilichogawanywa, imekatwa yote. Imelala chini, maji yake yanatoka. Wanasema amemloga Leonardi apate shamba lote. Wanasema: mbwa alimuuma Paskazia mbele ya soko zima, Paskazia ni mzima. Leonardi hakuumwa, Leonardi amekufa. Sasa kifo kilitoka wapi kikaenda wapi? Wanasema alikitoa mkononi mwake akakituma kwa mwenye mbwa, ndani ya lile kapu la viazi aliporudisha kapu tupu.

Yuko kwangu sasa, yeye na watoto wake wawili. Chumba ni kimoja. Nimempa kitanda. Amekaa juu yake na kanga kichwani.

"Tulikimbia kwenda, tukakimbia kurudi," aliniambia. "Safari hii niambie nikimbilie wapi."

Nimepiga simu kwa mkuu wa kilima. Ameitisha mkutano keshokutwa.

26 Novemba

Nataka kuandika yote, halafu nilale.

Watu walijaa uwanja wa shule, wengine na mapanga, ingawa huku kila mtu anatembea na panga na sikutaka kufikiri. Mkuu wa kilima alinipa nafasi. Nilikuwa nimenunua mguu wa mbuzi kwa muuza mishikaki. Niliuweka juu ya dawati, nikaupasua mbele yao, nikatoa ule uzi mweupe, mgumu, unaopita ndani ya nyama. Nikauinua.

"Wote mnaujua huu, mnautema mkila nyama. Ni mshipa wa fahamu. Kwa huu ubongo unauambia mguu utembee. Hii ndiyo barabara ya kirusi cha kichaa. Hakiendi kwa damu. Kinaingia kwenye jeraha, kinakaa kwenye nyama, kinaitafuta ncha ya uzi huu, halafu kinapanda. Polepole. Wiki, miezi. Kikiwa njiani mtu analima, anacheka, haumwi kitu. Kinapokaribia mwisho anaweza kuwashwa pale kilipoingilia. Kikifika ubongoni kinatengeneza wenzake wengi, halafu kinashuka kwenye mate. Kinamfunga mbwa koo ili mate yajae, na kinamtia ukali ili aume. Ndivyo kinavyohama. Mbwa ni gari lake tu. Sindano inaufundisha mwili kukikamata kikiwa bado barabarani. Kikishafika hakuna sindano, kwa tajiri wala kwa maskini."

Walisikiliza. Ninajua watu wakisikiliza. Ndipo akasimama mwanamume mmoja, shemeji ya Leonardi.

"Veterineri, tunakuheshimu. Lakini aliyeumwa yupo pale amesimama, na asiyeumwa tumemzika. Hilo lieleze."

"Paskazia alioshwa kidonda akadungwa. Mzee Leonardi aliingiza mkono wenye jeraha mdomoni mwa mbwa, kutafuta mfupa. Mate yanatosha. Jino si lazima. Aliniambia mwenyewe hospitalini."

"Nani mwingine alisikia?"

"Mimi tu."

"Wewe na Paskazia mmekulia kambi moja."

Uwanja ukaguna. Niliangalia upande wa Josefina. Alikuwa amekaa kwenye nyasi na wanawake wa ukoo. Alikuwepo jioni ile. Neno moja lake lingetosha. Aliyashika magoti yake, akasimama, nikadhani anasema. Akaondoka. Akapita katikati ya watu, wakampisha.

Aliyesema ni Faridi. Nilikuwa nimempigia simu jana nikiomba aje, akanijibu ana nguo za harusi, na sikumtegemea. Alikuja mbele na suruali ameikunja hadi gotini, akaongea Kiswahili chake kilichochanganyika na Kirundi, na watu wote walimwelewa.

"Mi naitwa Faridi, fundi. Ile mbwa iliniuma hapa, muangalie. Mi sina shamba huku, sina ukoo huku, na Paskazia mi simjui, tulikutana tu kwa sabuni. Donc, kama yeye alitoa kifo mu mkono yake akaituma kwa mzee, mi nilituma ya kwangu kwa nani? Niambieni. Nani alikufa ya kwangu?"

Mtu mmoja akacheka, bila kukusudia nadhani.

"Walitudunga sindano moja, siku moja, kwenye benchi moja," akasema Faridi. "Mi niko hai, yeye iko hai. Mzee alikosa ile sindano. Ni hiyo tu. Na inaniumiza, juu alikuwa mteja yangu, suruali yake ya kanisa ni mi nilishona."

Mkuu wa kilima alisema hakuna mtu kumgusa Paskazia wala mali yake, na waliokata migomba watajibu. Watu walitawanyika bila kusema kama wameamini. Paskazia amerudi kwake kabla ya giza, kwa kutaka mwenyewe.

Faridi alinunua ule mguu wa mbuzi kwangu. Alisema ni dhambi kuutupa, halafu akauliza ni nani aliyemchinja mbuzi. Nilipomwambia ni muuza mishikaki wa msikitini, akaufunga kwenye gazeti.

27 Novemba

Nimelala mpaka saa sita mchana.

28 Novemba

Nimeenda kwa Josefina kuhusu sindano. Alisema kutoka ndani, mlango umefungwa: "Nikikubali kudungwa nimekubali kwamba ni mkono wake mwenyewe."

1 Desemba, Ryansoro

Nimeomba ruhusa siku chache. Moses alipika maharage na ndizi, akanitandikia, akawazuia majirani wasije kusalimia. Nimemsomea kurasa hizi badala ya kungoja Krismasi. Alisikiliza hadi mwisho kama anavyosikiliza wanafunzi wake.

"Ulisema 'kuumwa' kwa sababu ni neno fupi," alisema.

"Ndiyo."

"Darasani mimi huwa nauliza: nani ana swali? Kipaza sauti hakiulizi."

Nilikasirika, nikatoka nje nikasimama kwenye migomba. Niliporudi nilimkuta anaosha vyombo, nikachukua kitambaa nikavifuta.

4 Desemba, Butihinda

Sikwenda kwa Josefina na sanduku wala karatasi. Nilikwenda nimevaa nguo za shamba. Alikuwa amekaa uani anapukuchua maharage ya kwanza. Nikakaa, nikachota yangu. Tulipukuchua muda mrefu, mvua inanyesha upande wa pili wa bonde, kwetu bado.

Mwishowe akasema, "Nilimshika miguu. Bobi. Mzee aliniambia nimshike asiteleze."

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa anatetemeka. Mzee akamwambia: tulia mwanangu, nautoa sasa hivi."

Hakulia. Akaniuliza kama mate yalimfikia yeye. Nikasema sijui. Akauliza mfupa ulikuwa wapi. Nikamweleza kwamba hakukuwa na mfupa, kwamba kirusi kikiwa ubongoni kinazilegeza au kuzikaza nyama za koo, na kwa nje inaonekana kama kukabwa. Kwamba mtu yeyote anayempenda mnyama wake angefanya vile. Akauliza kwa nini sindano imsaidie yeye na isimsaidie mzee. Nikamweleza ile barabara ya mshipa wa fahamu. Aliniuliza mara ya pili, nikaeleza tena. Sikuchoka, sijui kwa nini.

Halafu akauliza: "Siku ile ya soko, mbona ulisema nani ameumwa? Mbona hukusema nani amemgusa?"

Maharage yalinidondoka mikononi.

"Sikuuliza," nilisema. "Nilipaswa kuuliza. Sikuuliza."

Akainama, akaokota yale maharage moja moja, akayarudisha kwenye ungo wangu.

5 Desemba

Josefina amesimama barabarani asubuhi na kitambaa chake cha kanisani, anasubiri gari. Mimi niliambiwa nisubiri wakubwa wa kampeni na sikuweza kwenda naye. Nilikuwa bado natafuta wa kumsindikiza nilipomwona Paskazia anapanda kutoka bondeni, ana mfuko.

"Njia ya pale wanapodunga naijua," alimwambia Josefina. "Na mlango wenyewe umejificha."

Gari lilipofika, Josefina alitangulia kupanda. Wamekaa kiti kimoja, mfuko katikati.

9 Desemba

Tangazo jipya: kama mbwa mgonjwa amekuuma, amekukwaruza, amekulamba penye jeraha, au umemtia mkono mdomoni, njoo. Kama huna hakika, njoo. Ni refu, linavunja pumzi, na baada yake nazima kipaza sauti nakaa chini. Leo watu watatu wamekuja kuuliza. Mmoja aliuliza kuhusu kuku.

13 Desemba

Mvua. Wameleta mbwa wengi kuliko nilivyokuwa na chanjo. Nimewaandika, watarudi. Huenda.

20 Desemba, Muyinga

Sindano ya mwisho ya Josefina. Safari hii nimekwenda nao, kisha kesho naendelea Ryansoro. Hawajapatana, hao wawili. Kipande cha migomba bado kina kesi, na Josefina ameniambia wazi kwamba hatakiacha. Lakini Paskazia alimshikia pochi alipokuwa anakunja mkono wa nguo.

Mvua kubwa ilitukuta tukisubiri gari, tukajibanza kibarazani kwa Hidaya, chini ya mabati. Hidaya alitupa chai, kelele za mvua zikawa kubwa mno, hatukuweza kuongea. Ilipopungua, Josefina aliniuliza, akitazama barabara:

"Na chenyewe, hicho kirusi. Kinapata nini?"

"Hakipati kitu, mama. Hakijui kwamba kipo. Hakijui mbwa, hakijui mtu. Kinajirudia tu, basi."

Akaizungusha chai kwenye kikombe.

"Kwa hiyo hata wa kumchukia hayupo," alisema.

Paskazia aliinua uso. Gari likaja, tukapanda.